Ukitaka kuchora mtu aliyezama katika mawazo, mpe kazi

Usimwambie mtu "kaa kama unawaza." Atakunja uso, ataweka kidole shavuni, na muda si mrefu ataanza kucheka au kuulizia simu yake. Mimi humpa kazi ndogo ya mikono: kuchagua mchele, kushona kifungo, kumenya vitunguu saumu. Shingo inainama yenyewe, kope zinashuka, anasahau kabisa kwamba nipo.

Ujanja huu nimeuokota kwa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Mwaka 1639 alimchora kwa wino Titia van Uylenburgh, dada wa mkewe Saskia, akiwa ameinamia ushonaji. Mchoro uko katika jumba la makumbusho la Nationalmuseum, Stockholm, Sweden. Titia amevaa miwani isiyo na mikono, ile ya kubana puani, na macho yote yako kwenye kazi yake. Hajakunja paji la uso wala hajashika kidevu, lakini ukimtazama unaona aibu kumsemesha. Unakili mchoro huo, hata kwa kuutazama kwenye simu. Wanaosema kunakili ni wizi sijui wao walijifunzia wapi.

Kalamu isikusumbue. Wachoraji wa karne ya 17 walitumia sana manyoya ya ndege, na Rembrandt mwenyewe, hasa miaka ya 1650, alipenda kalamu ya tete. Matete tunayo, na waliosoma vyuo vya Kurani pwani wengi wanaijua kalamu hiyo. Chonga ncha kwa mshazari, kisha ipasue kidogo katikati. Haibebi wino mwingi: mstari unaanza mzito, unaishia mkavu, nawe unalazimika kuinua mkono na kutazama tena. Hapo ndipo unapojifunza kuona.

Wino wa zamani wa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma achana nao. Hugeuka kahawia na baadaye hula karatasi. Wino wa kahawia wa dukani unatosha. Tia matone machache kwenye maji, chovya brashi, weka kivuli chini ya kidevu na upande usio na mwanga. Shavu liache jeupe. Mkono utakuwasha uliguse. Usiliguse, maana weupe ule wa karatasi ndio mwanga wako wote.

Karatasi ya fotokopi hujikunja ikilowa, kwa hiyo tafuta nene, ya rangi za maji. Muuzaji akikuletea inayong'aa mrudishie. Wino hauingii, unateleza tu juu.