Je, wema ulikuwa wema kabla ya kuamrishwa?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wetu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nyumbani ni Mbale. Mhadhiri wetu wa falsafa alituuliza: jambo jema ni jema kwa sababu Mungu ameliamrisha, au Mungu ameliamrisha kwa sababu ni jema? Akasema tukishika la kwanza, Mungu akiamrisha kuua watoto, kuua watoto kutakuwa wema. Tukishika la pili, wema uko juu ya Mungu na hatumhitaji. Tena akasema dhamiri ni kazi ya ubongo tu, akataja Mmarekani aliyepenywa na chuma kichwani mwaka 1848 tabia yake ikageuka. Nilinyamaza. Lakini kinachoninyima usingizi ni jirani yetu, mzee asiyesali popote, si msikitini si kanisani. Julai 2022, mto Nabuyonga ulipofurika usiku, ndiye aliyeingia majini akawatoa wadogo zangu wawili. Wema wake umetoka wapi? Na una thamani yoyote kwa Allah?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Naanza na mzee wako, maana huyo umemwona kwa macho. Swali la mhadhiri ni la zamani, Socrates aliliuliza Athens karibu miaka 2,400 iliyopita, kwa hiyo linaweza kungoja kidogo.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, alikaa na mfano unaofanana na wako hata niliposoma ujumbe wako niliinuka kwenda kuufungua tena. Alijiuliza: mtu asiye na sharia yoyote, akimwona mwenziwe anaangamia, hana tamaa ya malipo wala sifa, kwa nini anamwokoa? Akajibu kuwa moyo wa mtu hujiweka mahali pa yule anayezama, ukaumia kama ndio unaozama, na mwokoaji huyaondoa maumivu yake mwenyewe kwa kumtoa mwenziwe. Al-Ghazali alikuwa wa madrasa ya Ash'ari, ambao kwao akili peke yake haipitishi hukumu kwamba jambo ni jema au baya mbele ya Allah. Sharia ndiyo inayohukumu. Hivyo alihitaji kueleza huruma bila kuiita wema uliotangulia sharia.

Nampenda al-Ghazali na nimelelewa katika fikihi ya Shafi'i kama Waislamu wengi wa Uganda. Hapa lakini siridhiki. Anayetaka tu kuondoa maumivu ya kutazama anaweza kufunga mlango akaziba masikio. Maji ya mafuriko usiku humrudisha mtu nyuma, hayamvuti. Mzee wako hakufunga mlango.

Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa kale walioitegemea sana akili, walisema kinyume: akili inajua kwamba dhulma ni mbaya na ukweli ni mzuri hata kama hakuna Mtume aliyefika. Abu Mansur al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 333 Hijria, naye aliipa akili nafasi kubwa ya kutambua jema na baya, bila kwenda na Mu'tazila hadi mwisho wa njia yao. Nakutajia haya ili usidhani kuwa ukimwambia mhadhiri "sina hakika" umetoka katika Uislamu. Wazee wetu waligombana juu ya jambo hili karne kwa karne, na wote walielekea kibla kimoja.

Kilichonituliza mimi ni aya moja ya Suratul A'raf, aya ya 28. Washirikina wa Makka walikuwa wakifanya machafu na kusema, Mwenyezi Mungu ametuamrisha haya. Mtume akaamrishwa awajibu: "Sema: Hakika Mwenyezi Mungu haamrishi mambo machafu." Mwanazuoni Ibn al-Qayyim aliikamata aya hii vizuri. Kama uchafu maana yake ni kile tu kilichokatazwa, basi aya inasema Allah haamrishi asichokiamrisha, na hayo si maneno ya kumjibu mtu. Aya ina maana kwa sababu msikilizaji, hata mshirikina, tayari anajua uchafu ni nini.

Hili si jambo la darasani tu hapa kwetu. Juni 2023, Mpondwe, wilaya ya Kasese, zaidi ya watu 40 waliuawa katika shambulio la shule ya sekondari, wengi wao wanafunzi, na serikali ililitaja kundi la waasi la ADF, ambalo linajinasibisha na dini yetu. Kabla yake, Machi 2000, Kanungu, mamia ya waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada. Mtu akikuambia Mungu ameamrisha uue watoto, aya ya 28 imeshamjibu: umemzulia Mungu. Huhitaji kusubiri fatwa kutoka kwa viongozi wetu wa Kibuli wala Old Kampala. Nasema hivi nikijua wako masheikh wenzangu watakaoona nimeipa akili mlango mpana. Waone.

Basi je, wema uko juu ya Mungu? Hapa ndipo mhadhiri wako ameacha mlango wa tatu bila kuugusa. Katika hadith qudsi iliyopokewa na Muslim, Allah anasema: "Enyi waja wangu, mimi nimeiharamisha dhulma juu ya nafsi Yangu." Sikiliza vizuri nani anaharamisha na anamharamishia nani. Hakuna sheria iliyosimama nje ikimwambia Mungu afanye hivi. Wala si mfalme aliyeamka leo na amri moja na kesho nyingine. Uadilifu ni sifa Yake, rehema ni sifa Yake, na amri Zake zinatoka humo kama maji yanavyotoka kwenye chemchemi. Mtu akiuliza kama chemchemi iko juu ya maji au maji yako juu ya chemchemi, utamjibu nini?

La ubongo ni jepesi kuliko linavyosikika. Yule Mmarekani, Phineas Gage, alikuwa mfanyakazi wa reli huko Vermont, na wanaoeleza habari zake husema tabia yake ilibadilika baada ya ajali. Nakubali. Imam an-Nawawi anaeleza kuwa wanazuoni wetu walihitilafiana akili inakaa wapi: Shafi'i wakasema moyoni, Abu Hanifa akasema kichwani. (Madaktari wamempa ushindi Abu Hanifa, na sisi Shafi'i tumevumilia.) Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi apate akili. Sharia iliyosema hivyo inajua tangu zamani kwamba chombo kikiharibika, hesabu hubadilika. Lakini kujua jicho linavyofanya kazi hakukuambii kama ulichokiona kipo au hakipo. Ubongo wa mzee wako ulifanya kazi usiku ule, sawa. Watoto majini walikuwa kweli, na kuwatoa kulikuwa kwema kweli.

Wema huo umetoka wapi? Qur'ani inasema: "Na kwa nafsi na aliyeitengeneza, akaifahamisha uovu wake na wema wake." Haikusemwa nafsi ya Mwislamu. Waganda wana neno obuntubulamu, ule utu wa kumjali mwenzako, na hawakulipata kwenye mimbari.

Utauliza, basi wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa Mitume, wa nini? Wazee husimulia kwamba mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alisimama mbele ya Kabaka Ssuuna, mfalme wa Buganda, watu wakipelekwa kuuawa, akamwambia hawa wameumbwa na Allah na ni dhambi kuwaua. Barazani pale hakuna aliyethubutu kusema neno hilo. Sidhani kama hawakujua. Desturi na hofu vilikuwa vimefunika walichokijua. Wahyi huja kufunua, na huja na mambo ambayo akili isingeyafikia, kama rakaa za sala. Hata hivyo wenye wahyi nao husahau: misafara hiyo hiyo ya wafanyabiashara ilinunua watumwa. Hatuna cha kujivunia mbele ya mzee wako.

Thamani yake kwa Allah? Sitakuficha hadith iliyo ngumu. Bibi Aisha aliuliza kuhusu Abdullah bin Jud'an, aliyekuwa akiunga udugu na kulisha maskini zama za ujahilia. Mtume akasema hayatamfaa, kwani hakusema hata siku moja: Mola wangu, nisamehe makosa yangu Siku ya Malipo. Lakini ni nyumbani kwa mtu huyo huyo ndiko kulikofungwa Hilful Fudhul, mapatano ya kumtetea aliyedhulumiwa, na Mtume alisema lau angeitwa kwenye mapatano yale baada ya Uislamu angeitika. Wema wenyewe haukudharauliwa.

Na mzee wako yu hai. Hakim bin Hizam alikuwa ameacha huru watumwa mia kabla ya kusilimu, akauliza kama ana ujira. Mtume akamwambia: umesilimu pamoja na kheri uliyoitanguliza. Naye al-Ghazali aliandika kuwa wasiofikiwa na ujumbe, au waliofikiwa nao ukiwa umepotoshwa, wana udhuru. Mzee huyu ameusikia Uislamu kwa nani? Kwenye taarifa za Mpondwe? Mimi sijui, wewe je?

Muombee hidaya, Mtume aliwaombea kabila la Daws kabla hawajasilimu. Na Idi ikifika, sahani ya kwanza ya pilau itoke kwenu iende kwake, uipeleke wewe mwenyewe na wale wadogo zako wawili.

Wallahu a'lam.