Aliyeacha Sigara Hakukata Tamaa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri mchanga. Mwezi uliopita nilipewa kijitabu cha afya nikitafsiri kutoka Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "He gave up smoking after the doctor gave up on him." Niliandika: "Alikata tamaa ya kuvuta sigara baada ya daktari kukata tamaa naye." Aliyenipa kazi alinirudishia karatasi, sentensi hiyo ikiwa imezungushiwa wino mwekundu, bila maelezo yoyote. Nimekosea wapi, ilhali kamusi yangu inasema *give up* ni "kata tamaa"? — Mfasiri, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamusi haikukudanganya, ila ilikupa jibu moja mahali ambapo Kiswahili kina majibu mengi, nawe ukalitumia hilo moja mara mbili katika sentensi inayotaka mawili tofauti. Tamaa ni jambo la moyoni. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, na kwetu limebeba uchu na matumaini kwa pamoja. Anayeikata huwa ameacha kutumaini. Kwa hiyo sentensi yako inamwambia msomaji kwamba bwana yule alikuwa na hamu ya kuvuta, akahangaika kuitafuta sigara, na mwishowe akaona kwamba hataipata. Mwenye kijitabu alikusudia kinyume chake kabisa: sigara zilikuwepo, naye ndiye aliyeziacha. Andika "aliacha kuvuta sigara", basi.

Kwa daktari, kata tamaa ni sahihi, lakini hilo "naye" ndilo linalochokoza sikio. Kiingereza kinapoongeza kijineno *on*, sisi tunakinyambua kitenzi chenyewe: kata huwa katia, na daktari "alimkatia tamaa" mgonjwa wake. Sentensi yako ingesomeka hivi: "Aliacha kuvuta sigara baada ya daktari kumkatia tamaa." Napenda sana jinsi mnyambuliko huu mfupi unavyofanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa neno zima, na huniuma kuona wafasiri wakiusahau na kubandika "naye", "juu yake" na "kwake" kila mahali.

Kabla ya kuigusa *give up* jiulize: kilichoachwa kimekwenda wapi? Fikiria kijana aliyeketi kwenye daladala iliyojaa. Anapanda bibi mwenye kikapu, kijana anainuka, anashika bomba na kusema, "Bibi, kaa hapa." Mwingereza atasema *he gave up his seat*. Ukiandika kwamba kijana aliacha kiti, umekiacha kiti kikiwa hakina mtu na bibi bado amesimama. Kiti kina mpokeaji, kwa hiyo alimpisha bibi, au alimwachia kiti. Mtuhumiwa aliyekwenda mwenyewe kituoni naye amejitoa kwa mwingine, na kwake tuna neno lililo tayari: amejisalimisha.

Katika vita kuna kusalimu amri, na hapa historia yetu inatupa mfano unaoonyesha wazi kwamba moyo na mkono ni vitu viwili. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri Novemba 25, 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya tangu Novemba 11, na habari zilimfikia siku chache baadaye, akiwa bado vitani. Aliweka silaha chini kwa sababu serikali yake ilikuwa imekubali kusimamisha vita, wala si kwa sababu alikuwa amezidiwa porini. Mfasiri atakayeandika kwamba alikata tamaa atakuwa amebadilisha historia kwa maneno mawili.

Wapo pia wanaobwaga manyanga. Manyanga ni vibuyu vyenye mbegu ndani vinavyotikiswa katika ngoma na uganga, na anayevibwaga chini amejitoa katika shughuli ile mbele ya watu. Ndiyo maana magazeti huutumia msemo huu kwa kocha au kiongozi anayeacha kazi, na ungekuwa wa ajabu kwa mtu aliyeacha kunywa chai. Kususa ni jambo jingine tena, kwa kuwa anayesusa ameacha kwa hasira na angependa abembelezwe. Kwa Kiingereza huyo nawe ungemwekea *give up* ile ile, na ile hasira ingepotea.

Mfano mmoja zaidi, kwa kuwa nauthamini mno. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia maneno yale yale, *gave up the ghost*, katika Marko 15:37 na katika Yohana 19:30. Biblia yetu ya Union Version inasema "akakata roho" katika Marko, lakini katika Yohana inasema "akaisalimu roho yake". Kigiriki nacho kina vitenzi viwili: katika Marko Yesu alitoa pumzi ya mwisho, katika Yohana aliikabidhi roho. Tofauti ambayo Kiingereza kiliifunika, Kiswahili kimeidhihirisha.

SWALI: Mwalimu wetu wa Kiingereza amekataza kurudiarudia *give up* katika insha. Nitumie maneno gani mengine? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga

JIBU: Kwa tabia na kazi, tumia *stop* au *quit*, hili la pili ni la mazungumzo zaidi na hupendwa sana Marekani. Kwa vita, *surrender*. Kwa safari au msako ulioachwa kabla haujakamilika, *abandon*, neno ambalo likihusu mtoto au mke huwa zito na maana yake huwa ni kutelekeza. *Forgo* ni kujinyima kitu ambacho ungeweza kukipata.

Yanayowachanganya wengi ni *relinquish*, *renounce* na *cede*. La kwanza ni kuachilia madaraka au haki, la pili ni kukana hadharani, kama mtu anavyoukana uraia, na la tatu ni nchi kuikabidhi nchi nyingine ardhi. Katika mkataba wa Julai 1, 1890, Ujerumani iliachilia madai yake juu ya Witu, karibu na Lamu, na Uingereza ikaikabidhi Ujerumani kisiwa cha Heligoland. Witu ina *relinquish*, Heligoland ina *cede*.

Ukiitumia *give up* yenyewe, kumbuka kwamba huandiki *give up it* bali *give it up*, na kwamba kitenzi kinachofuata huchukua *-ing*: *give up smoking*, kamwe si *give up to smoke*.

SWALI: Mwalimu, tunaishi Toronto na kila Jumamosi usiku nawategea wanangu vitendawili. Wakishindwa husema *I give up*. Ningependa waseme kwa Kiswahili, lakini "nimekata tamaa" naona ni zito mno kwa mtoto wa miaka saba. — Baba wa watoto watatu

JIBU: Hisia yako ni sahihi, ndugu yangu, na umenifurahisha kwa kuuendeleza mchezo huo ugenini. Mtoto aliyeshindwa kitendawili hajapoteza tumaini lolote. Ameshindwa raundi moja tu, na wazee wetu waliliwekea jambo hilo maneno yake. Anatoa mji.

Wewe unasema, "Kitendawili!" Nao wanajibu, "Tega!" Unatega: "Nyumba yangu haina mlango." Wakijaribu jiwe, boga na sanduku bila kufanikiwa, unadai, "Nipeni mji." Mmoja anasema, "Tunakupa Mombasa." Hapo usiharakishe kutoa jibu. Mji sasa ni wako: waeleze ulivyofika Mombasa, ulivyopokewa kwa ngoma, ulivyokaribishwa pilau na wali wa nazi, huku wao wakisubiri kwa uchungu. Ukishatamba vya kutosha ndipo unawaambia kwamba nyumba ile ni yai.

Huyo wa miaka saba mwache achague mji anaoufahamu. Akikupa Toronto, ipokee, uanze kuwasimulia ulivyoingia kwa shangwe katika mtaa wao wenyewe.