Mavyaa wako hana kosa, panda boti mwanangu

Barua ya leo ya binti wa miaka 27, yupo Chake Chake, Pemba. Kurasa nne kaniandikia, nimeikata nimebakisha hii:

"Shangazi shikamoo. Nimeolewa mwaka wa tatu huu sijajaaliwa mtoto. Mwaka jana nilitoka mitoki shingoni, haikuuma, baadae ikaja homa ya usiku na majasho mpaka nabadilisha shuka. Nikapelekwa Dar, Ocean Road, hospitali ya kansa, wakakata kinyama wakapima wakasema limfoma ya Hodgkin, kansa ya mitoki. Nikaandikiwa dripu kumi na mbili, kila wiki mbili moja, nishamaliza nane. Nimepigwa CT mitoki yote haionekani, daktari kasema tunakwenda vizuri. Mimi nasema alhamdulillah nimepona, niache, mwili umeshakataa. Anaenilazimisha ni mavyaa, nahisi anataka dawa ziniue kizazi mwanawe aoe mwengine. Juzi kanambia mbele ya watu 'mtoto utazaa ukiwa hai'. Bangili zake kauza kwa ajili ya safari zangu, basi kila mtu anajua. Na karafuu zake kunyewa na mvua pia kosa langu. Mume wangu mvuvi, hasemi kitu, kanihama chumba. Harufu ya samaki inanitapisha, anaoga mara tatu bado naisikia. Dozi ya tisa tarehe yake imepita kidogo. Nishauri nifanye nini na huyu mama."

Marahaba mwanangu. Pole, na pole yangu ni ya kweli, maana umeandika pahala kwamba boti ikikaribia Dar ukiyaona yale maghorofa tu unaanza kutapika na dawa hata hujaigusa, na mshipa wa mkono umegeuka mweusi kama uzi uliotiwa wino. Hayo hayachezewi, na anaesema kemo, hizo dripu zako za kansa, si kitu hajaiona.

Haya pole imekwisha.

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikachukua kalamu nikahesabu. Mavyaa umemtaja mara kumi na moja. Mume mara mbili. Daktari mara moja! Mtu anaeumwa kansa anaandika kurasa nne daktari anapata mstari mmoja, sasa hapo mimi nikajua huyu hakuja kutaka ushauri, huyu ameshaamua anatafuta muhuri. Alaf nikafika pale uliposema tarehe "imepita kidogo". Kidogo ndo siku ngapi? Siku mbili mtu anasema siku mbili. Mtu anaesema kidogo ni mtu aliekaa kitandani asubuhi ya safari akajifanya kichwa kinamuuma, au nimekosea? Mavyaa wako anajua kama tarehe imepita? Maana mwanamke unaenielezea hapa angelijua, mngeshakuwa Mkoani bandarini nyote wawili na wewe kakushika mkono.

Sasa tuje kwenye hilo neno. Daktari hakukwambia umepona. Kakwambia haionekani. Wewe mtoto wa Pemba, baba yako analima, ndago unaijua. Unang'oa ndago shamba zima, unafagia, linabaki jeupe unaweza kutandika mkeka ukasali, ikipiga mvua ya kwanza ndago hizo zimesimama kama hukuzigusa, kwa sababu ulichong'oa ni majani na vile viazi vyake vidogo vimelala chini. CT inaona uvimbe, haioni seli mojamoja. Kivimbe cha kiasi cha punje ya choroko ndani yake mna seli mamilioni, na kabla hakijafika kiasi hicho kipimo hakina habari nacho. Na kila dripu inaua sehemu tu, sio zote kwa mara moja, zinabaki nyengine zimejilalia hazikuguswa, ndo maana ikawa wiki mbili, tena wiki mbili, tena wiki mbili. Zile nne zilizobaki sio za kukuongezea mateso, ni za hao waliolala.

Na sisi Wazanzibari tulishafanya kosa hili hili nchi nzima. Marehemu mama alikua akituhadithia wapuliza dawa waliokuja na mabomba mgongoni, nyumba kwa nyumba, ukuta kwa ukuta, malaria ikapungua mpaka watu wakaanza kusahau homa ya baridi. Mwaka 1968 kazi ikasimamishwa, maradhi hayaonekani tena ya nini kujichosha. Miaka ya sabini ikarudi, ikatuzika watoto. Mimi mwenyewe kwetu tulilala watu watano chumba kimoja sote tunatetemeka, kitanda kinalia kama cherehani.

Sasa kizazi, maana hapo ndo penye roho yako, hayo mengine yote umeyazungushia tu. Unaogopa hutozaa. Mbona hukulisema hilo mstari wa kwanza, ukalipakaza mavyaa? Mficha uchi hazai mwanangu, na hapa imekuja vilevile ilivyo. Mchanganyiko wa dawa wanaopewa wengi wenye Hodgkin, ule wenye ile nyekundu inayokutia mkojo mwekundu siku ya kwanza, sio katika zile kali zaidi kwa kizazi, wanawake wengi wameumaliza na baadae wakazaa. Siwezi kukuapia kuhusu wewe, karatasi yako anayo daktari. Lakini sikiliza hapa, tena soma polepole. Ukiacha sasa ikarudi, hawakupi zile nne ulizoziacha. Wanakupa dawa nzito kuliko hizo, na pengine kupandikizwa uboho, na ndo hizo dawa nzito zenye sifa mbaya ya kufunga kizazi cha mwanamke. Umefahamu? Wewe unakimbia kwa ajili ya mtoto, na njia unayokimbilia ndo inayokula mtoto. Wakati Hodgkin yenyewe ni katika kansa zinazotibika vizuri kabisa, vijana wengi wanamaliza dawa inakua historia.

Kwaiyo mavyaa wako kusema "mtoto utazaa ukiwa hai" wewe umesikia kijembe. Mimi nimesikia mwanamke alieshika hesabu kuliko wewe. Mbele ya watu si adabu, hilo namkosoa, aje kwangu nimwambie. Lakini maneno hayana kosa hata herufi moja.

Na hebu tuangalie huyo adui yako kafanya nini, kwa kauli yako mwenyewe. Safari nane za Dar, nane zote kenda yeye. Mama yako mzazi kenda moja (simsemi, ana wagonjwa wake, lakini hesabu ni hesabu). Ndani ya boti anakaa na ndoo ndogo mapajani na mfuko wa ndimu anakukatia unanusa, hilo umeliandika kama malalamiko, ati "ananichosha na ndimu zake". Kauza bangili. Anazitangaza, ndio, na mimi ningezitangaza tena ningeweka na spika, dhahabu ya mwanamke wa umri ule ndo pensheni yake. Na karafuu. Wewe unajua msimu wa karafuu Pemba ni nini, mwaka mzima unangoja siku zile, majamvi yametandazwa uwanjani na kila mtu jicho mbinguni maana wingu moja linatosha. Yeye siku ile alikua Dar kakushikia ndoo wewe, na nyumbani hapakua na wa kukunja majamvi. Akirudi asiseme hata kidogo? Anaetaka mwanawe aoe mwengine hafanyi hivyo mwanangu, anakaa kwake anaanika karafuu zake na wewe anakuombea dua kwa mbali. Mgonjwa haulizwi uji, anapikiwa akaletewa, na mavyaa wako kakufanyia hilo.

Mume nae. Hasemi kitu, kahama chumba. Nilipofika hapo nikasema haya sasa, huyu ndo mwenyewe, namsubiri. Alaf nikaona anaoga mara tatu. Mwanamme asiekutaka haogi mara tatu, anakwambia nimetoka kazini kaa na pua yako. Kijana anatoka baharini kachoka, kaambiwa na mkewe unanuka unanitapisha, anakwenda kisimani, anarudi bado, anakwenda tena, ya tatu kachukua mkeka wake kaenda kulala ukumbini ili wewe upate usingizi. Wewe ukaandika kanihama.

Ila na yeye simwachi hivihivi. Nyinyi vijana wa sasa ivi mna ndoa za ajabu. Arusi siku nne, singo, sare, mpiga video, picha za pwani jua linazama, mtihani wa kwanza ukiingia kila mtu anajifungia na simu yake. Mtu anajua status ya mwenziwe saa ngapi kaweka hajui kama mwenziwe leo kala. Sisi wakati wetu mume na mke walikua hawashikani mikono njiani lakini usiku taa ikizimwa yanasemwa yote, madeni, maradhi, ya wakwe, mpaka muadhini anaadhini. Siku hizi taa ndo haizimwi, kila mmoja ana taa yake usoni. Namwambia mumeo, kama anasoma, mdomo haukuumbwa wa kulia wali tu. Mwambie mkeo "naogopa". Neno moja. Na dripu ya tisa nenda wewe, mashua mwachie mwenzako siku tatu, bahari haihami.

Kuna jengine umelipitisha kwa haraka nikaliona, "dada mmoja" wa mtandaoni anaekwambia majani yake yanamaliza kazi ukiacha dawa za hospitali. Dua omba, kombe kunywa, mimi mwenyewe nakunywa. Majani hapana, mpaka daktari ayaone, kuna mitishamba inayogombana na kemo na ini ndo linaloumia. Na mtu anaekuuzia kitu kwa sharti uache chengine huyo ni mfanyabiashara. Na habari za hasadi ya wifi yako ziache hapohapo, maradhi haya daktari Thomas Hodgkin aliyaandika mwaka 1832, wifi yako hata bibi wa bibi yake hajazaliwa.

Sasa mwili kuchoka. Hilo ni kweli na wala sio uvivu. Lakini umemwambia nani? Daktari hajui kama unatapika kwa kuyaona maghorofa, anadhani unatapika baada ya dripu kama wengine. Mwambie. Hilo linajulikana, mwili umeshajifunza njia, kuna dawa ya kumeza kabla hujatoka nyumbani. Mwambie mshipa mweusi. Ukiwa na kikohozi kikavu au pumzi inakata ukipanda ngazi mwambie siku hiyohiyo, katika hizo dawa kwa kawaida mna moja inayoweza kudhuru mapafu. Na homa ikipanda usiku usingoje kukuche, damu yako sasa ivi haina askari wa kutosha. Alaf muulize lile unaloniuliza mimi: kwa kipimo changu hiki, je lazima zote nne? Usicheke. Kuna wagonjwa kipimo kikiwa kizuri wanaondolewa dawa moja katika ule mchanganyiko, na kuna ambao tokea mwanzo maradhi yao yalikua madogo wakapangiwa chache wakaongezewa mionzi. Inawezekana wewe umo na inawezekana humo. Anaepunguza ni yule mwenye faili, sio wewe na shuka lako umejifunika kichwa. Muulize na habari za mtoto, waziwazi, usione haya, na muda gani usubiri baada ya kumaliza. Na katikati ya dawa mimba usiishike, nisisikie.

Ukishakaa nae akakueleza yote, ukafahamu, bado ukasema sitaki, mwili ni wako hakuna wa kukufunga kamba. Nitanuna lakini nitanyamaza. Ila kuacha kwa kujificha tarehe ipite yenyewe, huko sikuiti kuamua.

Kwaiyo kesho asubuhi piga simu kule wodini useme tarehe ilipita siku ngapi, idadi ya kweli, sio kidogo. Watakupangia, watakupima damu kwanza kama kawaida, usiende na uongo wa kwamba boti ilikosekana.

Na leo usiku kabla ya hiyo simu nenda kwa mavyaa wako mwenyewe, usimtume wifi, usiandike meseji. Mwambie "mama, tarehe ilipita, nilikuficha". Atasema sana. Atazitaja bangili, atazitaja karafuu, muache aseme mpaka achoke, wewe kaa tu hapo chini kwenye mkeka. Akimaliza muulize ule mfuko wa ndimu kauweka wapi.