Kompyuta ya kuingia mtandaoni: pesa yako iende wapi

Ukiingia dukani kuulizia kompyuta mpakato, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka i ngapi?", yaani daraja la prosesa, ubongo wa mashine. Ukisema i5, unaletewa i5. Ukionekana una hela ya kuongeza kidogo, unaambiwa chukua i7 kabisa umalize kazi. Kwa mtu anayetaka mashine ya kuingia mtandaoni, kusoma barua pepe, kufungua WhatsApp, kutazama YouTube na kujaza fomu, swali hilo halimfikishi mbali. Yapo mengine matatu yenye uzito zaidi, na hayo lazima uyaulize mwenyewe maana muuzaji hatayaanzisha.

Naendesha steshenari Nzuguni, hapa Dodoma. Kutwa nzima watu wananiletea shughuli zinazofanana: maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, maombi ya mkopo wa masomo HESLB, leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, ritani za kodi TRA, barua za kuchapa na kutuma. Karibu zote zinafanyika ndani ya kivinjari, na hakuna hata moja inayodai mashine ya kifahari. Mashine yangu ya zamani ilipokufa mazabodi, yaani ubao mkuu, fundi akanipa bei ya matengenezo iliyokaribia bei ya kununua nyingine. Nikatenga laki sita nikaanza kuzunguka madukani. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyapima wakati ule, na ndiyo ninayowaambia wateja na ndugu wanaoniomba niwasindikize kununua.

Kwa bajeti ya aina hiyo, nakushauri uchukue mashine ya mtumba iliyotoka maofisini Ulaya au Marekani kuliko mpya ya bei ya chini. Najua mpya inavutia: boksi limefungwa, nailoni haijabanduliwa. Lakini laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zina prosesa dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya polepole ya eMMC ya GB 64. Windows 11 inahitaji GB 64 za hifadhi na GB 4 za RAM ili iingie tu. Maana yake umenunua mashine iliyosimama kwenye mstari wa chini kabisa siku ya kwanza. Masasisho yakija nafasi inajaa, ukifungua kurasa tano inastaki, na nyingi huwezi kuziongezea RAM kwa sababu imechomelewa kwenye ubao. Laptopu ya ofisi kama Lenovo ThinkPad, Dell Latitude au HP EliteBook ilitengenezwa ifunguliwe na kutengenezwa. Kibodi yake ni imara, vipuri vyake vinapatikana, na fundi yeyote wa mjini ameshazishika nyingi.

Sasa swali la kwanza: kizazi. Madukani wanaita jenaresheni. Soma namba kamili ya prosesa, usiishie kwenye i5. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hiyo ni ya kizazi cha sita. i5-8250U ni ya nane. Ukiona i5-10210U au i5-1135G7, hizo ni za kumi na kumi na moja. Ushauri wangu ni kizazi cha nane kwenda juu, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni nguvu yenyewe. Hadi kizazi cha saba, i5 na i7 za laptopu nyembamba, zile zenye herufi U mwishoni, zilikuwa na viini viwili tu, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi. Kizazi cha nane kilipoanza kutoka mwaka 2017, zote mbili zikapewa viini vinne. Kwa hiyo i7-7500U ina viini viwili na i5-8250U ina vinne. Yule anayekuuzia i7 ya kizazi cha sita kwa bei ya juu kuliko i5 ya kizazi cha nane anakuuzia stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi.

Ya pili ni usalama. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya nyongeza ya usalama kwa watu binafsi waliojiandikisha yalipangiwa kuishia 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizo i5 na i7, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za nyuma yake, na inataka mashine iwe na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa AMD, kampuni nyingine ya prosesa, Ryzen za mfululizo wa 3000 na kuendelea ziko salama. Usidanganyike ukiona EliteBook 840 G3, ambayo ni ya kizazi cha sita, inawaka na Windows 11 inang'aa. Mafundi wanajua njia ya kuilazimisha iingie. Tatizo ni kwamba Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kama unaingia benki na TRA kwa kompyuta hiyohiyo, hilo ni jambo la kulipa uzito.

Majina ya kutafuta ni ThinkPad T480, Latitude 5490 au 7490, na EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018 hivi. Hata kwa hizo usiliamini jina la nje. Soma namba ya prosesa, maana kuna zilizotoka kiwandani na kizazi cha saba.

Swali la pili: hifadhi ni ya aina gani? Hapa sina mjadala. Iwe SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Muuzaji akikusifia diski ya terabaiti moja, muulize ni SSD au ni HDD ya kuzunguka. Ukubwa ni wa nini kama picha zako ziko kwenye simu na kazi zako ziko kwenye barua pepe? SSD ya GB 256 inatosha kabisa kwa mtu wa mtandaoni. HDD ndiyo inayofanya mashine ichukue dakika kadhaa kuwaka, na ndiyo inayokufa mapema ikiwa laptopu inasafirishwa kwenye bodaboda.

Swali la tatu ni RAM, na jibu ni GB 8. Kwa GB 4, Windows yenyewe inachukua zaidi ya nusu kabla hujafungua chochote, na kivinjari kinagombania kilichobaki. GB 16 ni nzuri ukiipata kwa tofauti ndogo, lakini usiache kizazi kizuri kwa ajili yake. RAM inaongezwa baadaye, prosesa ya laptopu hizi haibadilishwi.

Huna haja ya kumuamini mtu kwa maneno. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance. Hapo utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, na kama diski ni SSD au HDD. Ni kazi ya nusu dakika, na muuzaji mwenye nia njema hatakasirika.

Betri nayo inahitaji subira yako. Betri ya mtumba imeshatumika miaka, na asilimia unayoiona pembeni ya skrini haikuambii imechoka kiasi gani. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha ripoti imehifadhiwa wapi, ifungue. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na Full Charge Capacity, uwezo wake wa sasa. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000, basi betri imebaki na asilimia 62 ya nguvu yake. Mimi sikubali chini ya 60 bila kupunguziwa bei, kwa sababu betri nyingine itatoka mfukoni mwangu. Umeme ukikatika mteja yuko katikati ya fomu, betri ndiyo inayookoa kazi yake. Hii ni sababu mojawapo iliyonifanya nichukue T480: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, na ile ya nje unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inawaka. Pia inachajiwa kwa USB-C, ila hakikisha tundu hilo linafanya kazi na halilegei kabla hujalipa.

Yanayobaki dukani ni ya macho na vidole. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini nzima, uangalie kama kioo kina madoa au nukta zilizokufa. Uliza kama kioo ni cha nukta 1920 kwa 1080; cha 1366 kwa 768 kinakubana ukifungua jedwali au PDF, na macho yanachoka. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe. Zinazotoka Ujerumani zina kibodi ambayo Y na Z zimebadilishana nafasi. Ukiandika "yake" inatoka "zake", na kwa lugha yetu hiyo ni adha ya kila mstari. Wengine wanabandika stika juu ya vitufe, chunguza kwa kucha. Washa hotspoti ya simu yako uiunganishe, fungua video, sikiliza spika, jaribu kamera. Iache iwake wakati mnaongea bei. Feni ikianza kunguruma kama mashine ya kusaga wakati haifanyi kazi yoyote, ndani kumejaa vumbi au kuna kitu kibaya zaidi.

Kuna ukaguzi mmoja ambao watu wengi hawaufanyi. Laptopu za maofisini wakati mwingine zinauzwa zikiwa bado zimefungwa na kampuni ya zamani. Zima mashine, iwashe, kisha bonyeza F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell au F10 kwa HP uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikikudai nywila ambayo muuzaji hana, iache hapohapo. Na ukiwasha Windows ikasema mashine inasimamiwa na shirika fulani usilolijua, iache pia, hata kama bei ni ya kutupa. Linganisha namba ya kiwandani (serial number) iliyo chini ya mashine na ile iliyo ndani ya BIOS, na dai risiti ya EFD yenye maelezo ya mashine. Anayekuuzia njiani bila risiti anaweza kukuuzia mali ya wizi, na kesi itakuwa yako.

Ununue Dodoma au uifuate Kariakoo? Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam mwaka 2024, watu wanakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa 31,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 62,000 kabla ya chakula na bodaboda. Kama tofauti ya bei ni elfu hamsini, haina maana. Na mashine ikisumbua wiki ya pili, utaipeleka kwa nani? Mimi nilinunua hapahapa mjini, kwa muuzaji aliyeniandikia dhamana kwenye risiti, nikalipa zaidi kidogo na sijuti. Kumwagizia mtu wa Kariakoo usiyemjua na kutuma hela ukisubiri mzigo kwa basi, hilo siwezi kukushauri kabisa.

Kabla ya yote hayo, lakini, tazama tena ile uliyo nayo. Mwalimu mstaafu kutoka Kongwa aliniletea laptopu ya kizazi cha nne akitaka nimsaidie kuiuza anunue nyingine. Kioo kizima, kibodi nzima, kuchelewa kwake kote kulitokana na HDD. Tulimwekea SSD, tukaongeza RAM, tukaweka Linux Mint badala ya Windows, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata masasisho ya usalama kwenye mashine za zamani. Anasoma magazeti, anaongea na wajukuu kwa video, anaandika barua zake. Alitumia sehemu ndogo tu ya hela aliyokuwa ameitenga. Kama unategemea Microsoft Office yenyewe au mfumo wa ofisini unaotaka Windows, njia hii haikufai. Kwa kivinjari tu, inafaa sana.

Ukishanunua, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Windows inapenda kushusha masasisho makubwa bila kukuuliza, na kwa anayetumia bando la simu ni hasara: unaweka GB 5 asubuhi, mchana hakuna kitu. Ingia Settings, Network & internet, fungua mtandao wa hotspoti yako, kisha washa Metered connection. Masasisho makubwa yatasubiri. Usiyazuie moja kwa moja. Ukipata waifai ya ofisini au chuoni, zima hiyo alama uyaruhusu yashuke. Zima na OneDrive kama huitumii, na YouTube iweke 480p, kwenye kioo cha inchi 14 inatosha.

La pili ni vumbi letu. Kiangazi cha huku ni kirefu na upepo hauna huruma, kwa hiyo mashine isikae juu ya kitanda wala zulia, maana matundu ya hewa yako chini. Ifunike ukimaliza kazi. Kabla joto la Oktoba na Novemba halijafika, mpelekee fundi afungue mfuniko wa chini, apulize feni na abadilishe pesti ya kupoza prosesa, na ukae pale umwangalie akifanya.