Masika ndiyo yanayotupangia ratiba

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Masika yakiingia, wewe na mwenzako mnakwenda shamba kufanya kazi au kupumzika?" Mimi nashindwa kuchagua, kwa sababu kwetu anayechagua ni mvua.

Tuna ekari mbili na kijumba cha udongo upande wa Muheza, kama kilomita 40 kutoka Tanga mjini. Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, hapo Tanga mjini, na mume wangu, Baba Mwanaisha, ni mwalimu mstaafu. Miezi mingine tunakwenda tukipata nafasi. Kuanzia katikati ya Machi, kaskazi ikishalegea, habari ya nafasi hakuna tena. Ijumaa akitoka msikitini mimi nimeshafunga cherehani, tunapanda gari hadi Muheza, kisha bodaboda mpaka mlangoni, matope yakituruhusu. Jamaa zetu wa Dar wao hupenda mtindo wa waja leo waondoka leo: wanywe dafu, wapige picha chini ya mnazi, wageuze gari. Hao ukiwauliza habari za masika watakuambia barabara ilikuwa mbaya.

Kazi ya kwanza ni mahindi. Tunapanda Staha, mbegu ya miaka mingi inayofaa huku kwetu ukanda wa chini na inayovumilia ugonjwa wa milia. Baba Mwanaisha ana kamba aliyoifunga mafundo, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30. Ualimu ameuacha, rula hajaiacha. Yeye anatangulia na jembe, mimi nafuata nadondosha mbegu na kufukia kwa unyayo. Majirani wanapanda kwa macho tu na mahindi yao yanaota vilevile, nao hawachoki kutukumbusha. Ila palizi ikifika, jembe linapita katikati ya mistari yetu bila kukata mche hata mmoja, na hapo ndipo mzee anapokohoa kidogo ili jirani asikie.

Yakishaota kuna viwavijeshi vamizi, balaa lililoingia nchini mwaka 2017 na halijaondoka. Asubuhi na mapema napita na kopo la majivu natia kidogo kwenye moyo wa kila mhindi. Majivu yanasaidia kiwavi akiwa bado mdogo. Akishazama ndani ya kikonyo, majivu ni kumpaka poda tu. Lazima umtoe kwa kidole na kumponda. Mume wangu kazi hii inamtia kinyaa. Basi yangu hiyo.

Yeye ana minazi. Adui wa minazi ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele na kula makuti machanga kabla hayajafunguka. Kuti likija kufunguka unaliona limekatwakatwa kama kwa mkasi. Chonga anazaliana kwenye magogo ya mnazi yaliyooza na kwenye malundo ya samadi, kwa hiyo kabla mvua hazijakolea magogo yote hupasuliwa na kuchomwa. Kwenye minazi mifupi anamchokoa chonga tunduni kwa waya wenye ndoano. Mirefu anamwachia mkwezi.

Ugomvi wetu mkubwa ni wa maji moto. Siyazungumzii ya chai, nasema sisimizi wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mzee hataki waguswe, kwa sababu wanafukuza kunguni wa minazi anayefyonza nazi changa hadi zinapukutika. Ni kweli, sibishi. Lakini hao hao wamehamia kwenye michungwa, na anayepanda juu kuchuma si yeye. Tumeafikiana: minazini waachwe, michungwa miwili iliyo karibu na jiko ni yangu, na kiota nikikiona huko nakishusha kwa upondo. Kila mwaka anajaribu kufungua upya mazungumzo hayo.

Sasa mapumziko. Mvua ya kwetu aghalabu inakuja usiku na alfajiri, halafu inarudi mchana bila hodi. Ikirudi, jembe linaegeshwa ukutani, na hakuna wa kumwambia mwenzake mvivu. Tunakaa barazani. Chai ya mchaichai, muhogo wa kuchoma, bao. Ananifunga mara nyingi kwa kuwa anahesabu kete mbele mno, mimi nacheza kwa hasira. Mchana napika bada, yaani ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga wa nazi na ng'onda, samaki mkavu. Mchunga masika hauhitaji kununuliwa, unajiotea wenyewe pembeni mwa shamba, nami naupenda uchungu wake usipochemshwa hadi ukafa. Jioni baada ya mvua kumbikumbi wakitoka, watoto wa jirani wanaleta beseni la maji na taa, wanajaza. Wanakaangwa bila mafuta, yanatosha ya kwao wenyewe.

Na tunazungumza. Mjini kuna wateja, kuna televisheni, kuna simu yake na makundi ya walimu wastaafu wanaotumiana dua na siasa. Pale barazani mvua ikishika saa mbili nzima, mtu anaishiwa na habari za watu anaanza za kwake. Posa ya Mwanaisha tuliimalizia pale, tukiwa na matope miguuni. Mjini tulikuwa tumeizungukazunguka mwezi mzima.

Ndiyo maana suala la paa limekuwa gumu. Nyumba yetu ni ya makuti, na makuti hayakai, miaka mitatu minne unaezeka upya, tena lazima umalize kabla ya Machi. Viungo, yaani makuti yaliyoshonwa tayari kwa kuezekea, vinapanda bei, mafundi wazuri wamezeeka. Mimi nataka bati, kwa sababu bati litanipa maji safi ya kunywa masika yote, nami nimechoka kubeba ndoo kutoka kisimani. Yeye anasema mvua ikipiga kwenye bati hamsikilizani, mtakaa barazani mkitazamana kama mabubu. Hoja zote mbili ni za haki, na kwenye nyumba moja haziwezi kukaa.

Kwa hiyo bati litaezekwa jikoni, ambako jengo limejitenga, na tangi litakaa chini ya mfereji wake. Baraza litabaki na makuti. Fedha za tangi ni zangu, za mfereji ni zake, na tumekubaliana fundi aje vuli zikiisha, kabla mzee hajaanza kupima kamba yake.