Mama, kisu na kidonge cha presha

Mwaka jana nilimkuta mama jikoni kwake, Arua, Uganda, anakata kidonge kwa kisu cha vitunguu. Nusu akameza, nusu akairudisha kwenye pakiti. "Nazibania zifike mwisho wa mwezi," akaniambia. Wiki hiyo alishapata kizunguzungu mara mbili akitoka kitandani, nasi tukasingizia jua.

Kidonge chenyewe kilikuwa nifedipini ya miligramu 20, ile iliyotengenezwa iachie dawa polepole. Ukikikata, dawa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo, presha ikashuka ghafla, kisha ikapanda tena kabla ya dozi nyingine. Hakuna aliyemwambia. Kituo cha afya cha serikali walimpa bure kila zilipokuwapo. Zilipokwisha akapewa karatasi akanunue mwenyewe. Kisu kiliingia hapo.

Tulirudi kliniki na vidonge vyake vyote kwenye kifuko, akabadilishiwa amlodipini, mara moja kwa siku. Zamani hiyo ilikuwa dawa ya wenye nacho. Hataza ya Norvasc, amlodipini ya kampuni iliyoanza kuiuza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ilipokwisha Marekani mwaka 2007, viwanda vingine navyo vikaingia, na leo nyingi tunazomeza zinatoka India. Losartani, dawa nyingine ya presha, nayo ikafuata njia hiyo mwaka 2010.

Lakini bei nafuu haikufuati nyumbani. Famasi ya kwanza nilitajiwa shilingi 45,000 kwa vidonge 30 vyenye jina la kampuni. Nikauliza, "Kaka, amlodipini ya kawaida hamna?" Akainama chini ya kaunta, akatoa ya 9,000. Miligramu 5 zilezile. Siwezi kusema aliniibia. Mwanzo nilitaja jina la kampuni, akanipa nilichotaja.

Kwa hiyo mwambie daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, na dukani uliza gharama ya siku 30, maana pakiti nyingine zina 28 na nyingine 10. Nunua kwenye duka lenye kibali cha NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Vidonge vya kwenye meza ya sokoni, hata viwe bei ya karanga, mimi sivigusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2021 inapendekeza, inapowezekana, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Ni rahisi kukumbuka, ila nilipopiga hesabu kwa jirani yetu, viwili tofauti vilimtoka kwa bei ndogo zaidi. Piga hesabu zote mbili.

Jirani huyohuyo alikunywa dawa ya kikohozi miezi miwili, kumbe kikohozi kilitokana na lisinopili, dawa yake ya presha. Amlodipini nayo huweza kuvimbisha miguu. Ukiona hivyo rudi kliniki, usiache dawa kimyakimya, na usiazime ya mwenzako.

Juzi mama alipimwa, 138 kwa 84. Akamuuliza nesi kama sasa aache vidonge. Nilinyamaza nesi amjibu, maana mimi hanisikii.