Anza na chupa kabla ya sahani

Ndugu, umesema chakula umepunguza mwezi mzima na mizani haisogei, halafu mwishoni ukataja, kama jambo dogo tu, soda mbili kwa siku. Hapo ndipo pa kuanzia.

Soda ya kawaida ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, yaani vijiko vinane hivi vya chai. Mbili ni gramu 70. Shirika la Afya Duniani linasema kubaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku kuna manufaa zaidi, kwa hiyo chupa moja tu imeshakuvusha. Ubaya mwingine ni kwamba sukari ya kunywa haishibishi: unameza kalori 280 na bado unakula kama kawaida.

Usiache ghafla kama unajijua huwezi. Wiki hii ondoa ile ya jioni, unywe maji baridi yenye limau. Wiki ijayo ondoa na ya mchana. Ulimi huzoea, mimi chai ya vijiko vitatu nilifika nusu kijiko, na sasa ile ya zamani inanishinda kuinywa.

Juisi usiikimbilie, hata ya matunda halisi. Sukari yake inakaribia ya soda, na nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio. Kula tunda likiwa zima. Soda zisizo na sukari zinaweza kukuvusha kipindi hiki, ila maji ni bora.

Kama unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kwanza.